Wakili wa talaka anataka malipo ya awali lakini hataki kuandikiana: nifanyeje?

Tulivu anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kuipita njia hii au wanaoifahamu kazi ya uwakili kwa karibu. Ndoa yangu ina miaka 14 na watoto wawili, na kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa mimi na mume wangu tunaishi katika nyumba moja kama wapangaji wawili wasiojuana. Suala la kurudiana limekwisha kuzungumzwa na ndugu wa pande zote mbili, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo naomba tusilirudie hapa.

Wiki iliyopita nilimwona wakili niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Alinisikiliza kwa muda wa dakika 20 hivi, akanihakikishia kwamba nyumba itabaki kwangu bila wasiwasi wowote, kisha akataja malipo ya kuanzia ambayo ni sawa na mshahara wangu wa miezi minne. Nilipomuuliza fedha hizo zinagharimia kazi ipi na zinaishia wapi, alijibu kwamba mengine tutaelewana mbele ya safari. Hakunipa karatasi yoyote. Nyumba imeandikwa kwa majina yetu yote mawili, mkopo wake bado haujaisha, na mume wangu ana biashara ambayo hesabu zake sijawahi kuziona.

Mume wangu, kwa upande wake, amependekeza tutumie wakili mmoja, yule anayemshughulikia katika biashara yake, ili tusitupe fedha. Nakiri kwamba pendekezo hilo limenivutia, kwa sababu gharama ndiyo inayoninyima usingizi. Je, malipo ya awali ya namna hii ni ya kawaida? Niyadai mambo gani kwa maandishi kabla ya kutoa chochote? Na je, wakili mmoja anaweza kweli kutuhudumia sote wawili?


Karani wa Zamani anajibu:

Dada Tulivu, pole kwa mzigo huo. Nimefanya ukarani katika ofisi za mawakili kwa miaka mingi, na ankara nyingi za mashauri ya ndoa zilipita mikononi mwangu kabla hazijamfikia mteja, kwa hiyo nitajibu upande wa fedha na kuwaachia wengine upande wa sheria.

Kudai malipo ya awali si kosa, wala peke yake si dalili ya utapeli. Tatizo ni kwamba kuna vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina hilohilo. Kimoja ni amana: fedha zinaendelea kuwa zako, zinawekwa katika akaunti ya wateja ambayo haichanganywi na fedha za ofisi, na wakili anazikata kidogo kidogo kadiri anavyofanya kazi na kukuletea ankara inayoonyesha alichofanya, shauri likiisha mapema, au mkipatana, kilichobaki kinarudi kwako. Kingine ni ada ya kukubali kazi, ambayo kwa desturi ya baadhi ya mawakili ikishatolewa imekwenda, hata kama kesho yake umebadili nia. Wapo wanaotaja kiasi bila kusema ni kipi kati ya hivyo viwili, na mteja anakuja kujua siku anapoomba kurudishiwa. Muulize moja kwa moja, na jibu lake liwe kwenye maandishi.

Baada ya hapo uliza ada inahesabiwaje. Wengine hutoza ada moja kwa shauri zima, na utaratibu huo unafaa pale ambapo wanandoa wamekwisha kukubaliana karibu kila kitu na kinachobaki ni kuandika maridhiano na kuyafikisha mahakamani. Wengine hutoza kwa hatua: kufungua shauri, maombi ya muda kuhusu watoto na matunzo, usikilizwaji, na kadhalika. Pale penye ubishi wengi hupenda kutoza kwa saa, kwa kuwa hakuna anayejua ubishi utachukua muda gani.

Katika ada ya saa kuna jambo dogo ambalo wateja wengi hawalioni mpaka wameumia, nalo ni kipimo cha chini cha muda. Ofisi nyingi hugawa saa katika vipande vya dakika 6, na nyingine vipande vya dakika 15, na kipande kikianza kinahesabiwa kizima. Tuseme kwa mwezi mmoja umempigia wakili simu 10, kila moja ya dakika 2. Mmezungumza kwa dakika 20 tu. Kwa kipimo cha dakika 6 utalipia saa nzima, na kwa kipimo cha dakika 15 utalipia saa mbili na nusu. Hakuna aliyekuibia, ndivyo mkataba ulivyosema, ila wewe hukuuliza. Uliza pia kama kazi ya msaidizi wake inatozwa kwa kiwango kilekile, maana kunakili nyaraka na kupanga jalada si kazi ya kulipiwa kama vile amesimama mbele ya jaji.

Ada ya wakili, tena, siyo gharama yote. Kuna ada za mahakama, gharama za kumfikishia mwenzako wito, mthamini wa nyumba ikiwa hamkubaliani thamani yake, pengine mhasibu wa kupitia vitabu vya biashara, na nakala za mwenendo wa shauri. Hizi huja nje ya ada, na mkataba mzuri husema kwamba wakili hatamwajiri mthamini wala mhasibu bila idhini yako. Nimeona ankara ambayo mhasibu alilipwa zaidi kuliko wakili, na mteja hakuwa na habari kwamba mhasibu huyo yupo.

Kwa hiyo mkataba, hata ukiwa wa kurasa mbili tu, uonyeshe kazi anayoifanya na asiyoifanya, hasa kama rufaa na utekelezaji wa hukumu vimo au vitahitaji makubaliano mapya, kwa sababu kupata hukumu na kupata kilichoandikwa katika hukumu ni safari mbili. Uonyeshe kiwango cha ada na lini kinaweza kupandishwa, amana inapofikia kiasi gani utatakiwa kuiongeza, ankara itakuja kila baada ya muda gani, na nini kitatokea mkiachana katikati. Mwenye kutaka mshahara wako wa miezi minne hashindwi kukuandikia hayo. Na ukitoa fedha, hata ukiwa umesimama mlangoni una haraka, usiondoke bila stakabadhi.


Wakili wa Pembeni anajibu:

Karani amesema vizuri kuhusu fedha. Mimi ni wakili, ingawa siku hizi sifanyi tena mashauri ya ndoa, na nitaanza na swali la wakili mmoja kwa watu wawili.

Jibu ni hapana, na hasa kwa mazingira uliyoyaeleza. Wakili ana wajibu wa kutetea maslahi ya mteja wake kwa moyo wote, na katika talaka maslahi ya mume na mke hugongana hata pale wanapokuwa hawagombani: kila kinachoongezeka upande mmoja wa mgawanyo kimepungua upande wa pili. Yule bwana tayari ni wakili wa biashara ya mumeo. Ikiwa anajua biashara hiyo ina thamani kubwa kuliko mume wako anavyosema, hawezi kukuambia bila kuvunja siri ya mteja wake, na hawezi kukuficha bila kukuumiza. Anachoweza kufanya kihalali ni kuandika rasimu ya maridhiano kwa niaba ya mumeo peke yake, nawe ukaipeleke kwa wakili wako akupe maoni kabla ya kutia sahihi. Msiwachanganye watu hawa na msuluhishi. Msuluhishi anaweza kuketi nanyi wote wawili kwa sababu hamwakilishi yeyote, na mkishiriki kwa nia njema gharama yake huwa ndogo kuliko ya kupambana mahakamani. Lakini hata huko, mtu asiyejua ukubwa wa mali hawezi kujadiliana kuhusu mgawanyo wake, na wewe hesabu za biashara hujaziona.

Kilichonishtua katika maelezo yako ni zaidi ya fedha. Ni ile ahadi ya nyumba. Mtu aliyekusikiliza kwa dakika 20, hajaona hati ya nyumba, hajaona mkataba wa mkopo, hajui mumeo atajibu nini, hawezi kujua nyumba itabaki kwa nani. Wakili makini angekueleza mambo ambayo mahakama huyazingatia, angekuambia udhaifu wa upande wako uko wapi, na pengine ungetoka ofisini kwake ukiwa na huzuni kuliko ulivyoingia. Usimchague wakili kwa sababu amekufariji.

Pia thibitisha kwamba ana leseni hai ya uwakili. Vyombo vinavyosimamia mawakili huwa na orodha ya walioandikishwa, na kuulizia jina la mtu si kumvunjia heshima. Vishoka wapo, na hupenda mashauri ya ndoa kwa sababu mteja huja akiwa na hofu na haraka. Ikitokea mtu akakuambia kwamba hutalipa chochote mpaka utakapopata mali, halafu atachukua asilimia fulani, mtilie shaka. Nchi nyingi zinakataza malipo ya namna hiyo katika talaka, na sababu yake ni ya busara: wakili ambaye ujira wake unategemea ndoa kuvunjika na mali kugawanywa hawezi kukushauri kwa uaminifu siku mnapotaka kupatana.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Katika sehemu nyingi mahakama ina uwezo wa kuamuru mwenzi mwenye kipato kikubwa zaidi achangie gharama za uwakili za mwenzake, ili pambano lisiwe la aliyeshiba na mwenye njaa. Maombi hayo hufanywa mapema, siyo baada ya akiba yako kuisha. Muulize wakili yeyote utakayemwona kama njia hiyo ipo kwenu na kama mazingira yako yanairuhusu. Jinsi atakavyojibu itakuonyesha kama anaifahamu kazi hii.


Baba Mlezi anajibu:

Mimi si mwanasheria. Ni mtu aliyelipa.

Shauri langu lilichukua zaidi ya miaka miwili, na nikiangalia nyuma naona kwamba karibu theluthi moja ya nilichomlipa wakili haikuwa ya sheria hata kidogo. Nilikuwa nampigia simu usiku kumweleza alichoniambia mke wangu wa zamani jioni ile. Alinisikiliza kwa upole, na upole ule ukaja kwenye ankara mwisho wa mwezi, umepangwa tarehe kwa tarehe. Baadaye nilijifunza kuandika maswali yangu kwenye daftari kwa wiki nzima na kuyapeleka yote kwa pamoja katika barua pepe moja, na mambo ya moyo nikayapeleka kwa dada yangu, ambaye hatozi.

Kosa la pili lilikuwa makochi. Tulibishana kuhusu samani za sebuleni mpaka mawakili wawili wakaandikiana barua nne, na kila barua ililipiwa mara mbili, na aliyeiandika na aliyeisoma. Kwa fedha zile tungeweza kununua makochi mapya, kila mmoja ya kwake. Wakili wangu alinionya, kwa haki yake niseme hivyo, lakini nilikuwa nimekasirika.

Lililonisaidia kupunguza gharama ni kazi niliyoifanya mwenyewe. Niliandika historia fupi ya ndoa kwa tarehe, ukurasa mmoja na nusu, bila matusi. Nikakusanya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya nyumba, taarifa za benki, hati za mshahara, karatasi za mikopo na za bima, nikazipanga kwa mwaka na kuzipa namba. Wakili aliniambia kwamba kama ningempelekea mfuko wa karatasi zilizochanganyika, kama wengi wanavyofanya, angetumia siku nzima kuzipanga, na siku hiyo ningeilipia. Kwa hiyo Dada Tulivu, kabla hata hujapata wakili, piga nakala za kila kinachohusu nyumba na mkopo ambacho unakifikia kwa haki. Nasema kwa haki kwa sababu kufungua simu au barua pepe za mwenzako kwa siri kunaweza kukugeukia.

Na kwa kuwa bado mnaishi nyumba moja, fungua anwani mpya ya barua pepe yenye nywila ambayo hakuna mwingine anayeijua. Siri kati yako na wakili inalindwa na sheria, lakini sheria haiwezi kulinda ujumbe unaosomwa kwenye kompyuta ya sebuleni.


Mkono wa Nusu anajibu:

Naona wote mnamwelekeza dada yetu kwenye uwakili kamili, kana kwamba hakuna njia ya katikati. Mimi nilimlipa wakili kwa kazi tatu tu: kunishauri mwanzoni, kupitia hati ya madai niliyoiandika mwenyewe, na kuyasoma maridhiano kabla sijatia sahihi. Mahakamani nilisimama mwenyewe. Nilitumia sehemu ndogo tu ya alichotumia Baba Mlezi, na talaka yangu ni halali kama yake. Tena watu wasio na uwezo wasisahau vituo vya msaada wa kisheria, ambavyo mara nyingi hushughulikia mambo ya watoto na matunzo bila malipo au kwa malipo madogo.


Wakili wa Pembeni anajibu:

Ndugu Mkono wa Nusu, sikupingi, njia hiyo ni nzuri na mawakili tulipaswa kuitaja mara nyingi zaidi kuliko tunavyofanya. Ila naomba nikuulize: katika shauri lako kulikuwa na biashara ambayo hesabu zake ziko mikononi mwa upande mmoja tu? Kumlazimisha mtu kwa amri ya mahakama atoe vitabu vya hesabu, kisha kumhoji juu ya kilichomo, ni ufundi. Kwa talaka isiyo na ubishi, au isiyo na mali ya kugawana, ningemshauri kama ulivyomshauri wewe.


Mkono wa Nusu anajibu:

Hapakuwa na biashara. Hapo nakubali.


Tulivu anajibu:

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku kadhaa. Nilimrudia yule wakili wa kwanza na kumwomba, kwa adabu, tuandikiane. Alicheka na kuniuliza kama simwamini. Nilimjibu kwamba simjui vya kutosha kumwamini au kutomwamini, kisha nikaaga. Nimemwona mwingine, mama mtu mzima ambaye ada yake ya saa ni kubwa kuliko nilivyotarajia, lakini amenipa mkataba wa kurasa tatu nikausome nyumbani kabla ya kurudi kwake, na nilipomuuliza kuhusu nyumba alisema hawezi kusema lolote mpaka aone karatasi za mkopo. Kipimo chake cha muda ni dakika 6. Amana anaitaka kwa kiasi kidogo kuliko yule wa kwanza, na ameandika wazi kwamba kilichobaki kitarudi.

Amenieleza pia kwamba yaliyosemwa katika kikao kile cha kwanza ni siri hata nisipomwajiri. Dada yangu alikuwa amenisindikiza, na wakili akamwomba kwa upole asubiri nje, kwa sababu kuwapo kwa mtu wa tatu kunaweza kuidhoofisha siri hiyo.

Nimebakiwa na swali moja. Akiba yangu binafsi haitoshi amana, lakini tuna akaunti ya pamoja ambayo mimi na mume wangu sote tunaweka fedha. Je, nichukue humo?


Karani wa Zamani anajibu:

Dada, swali hilo mpelekee wakili wako mpya kabla hujagusa hata senti, tena liwe swali lako la kwanza mtakapoonana, kwa sababu jibu linatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kuna mahali ambapo kuchukua sehemu ya fedha za pamoja kwa ajili ya gharama za uwakili kunakubalika, na kuna mahali ambapo shauri likishafunguliwa hakuna anayeruhusiwa kuhamisha kitu. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu aliyechukua kiasi cha wastani, akaweka kumbukumbu ya tarehe na matumizi, na kukitaja mwenyewe katika hati ya kiapo, hakupata shida kubwa mbele ya jaji. Aliyekomba akaunti usiku mmoja alilipia kitendo kile mpaka mwisho wa shauri, kwa maana kila alichosema baadaye kilipimwa kwa usiku ule. Muulize pia kama atakubali amana kwa awamu mbili. Wengi hukubali wakiombwa, lakini ni nadra wao kuanza kulitaja.


Tulivu anajibu:

Amekubali awamu mbili. Ya kwanza nimeilipa leo asubuhi kutoka katika akiba yangu, stakabadhi ninayo, na akaunti ya pamoja sijaigusa. Sasa nakwenda kuzipa karatasi namba.